Nirudishie Mwanya Wangu

Siku ya kwenda kuchukua kitabu changu kwa mchapaji nilivaa nguo ya kutokea. Hakukuwa na haja. Mahali penyewe ni nyuma ya gereji, sakafu imejaa vumbi la karatasi, na ukiegemea chochote unaondoka na wino. Lakini kitabu hicho nilikuwa nimekihangaikia miaka mitatu, nikajisemea kwamba mtu haendi kumpokea mtoto wake amevaa nguo za kudekia.

Mimi ni mpiga picha. Riziki yangu inatoka kwenye studio ya chumba kimoja: picha za vitambulisho, za pasipoti, za wanafunzi, mara mojamoja harusi. Hiyo ni kazi ya kula. Kazi yangu hasa ni vitabu. Nyuma ya kiti wanachokalia wateja kuna rafu tatu za vitabu vya mitumba, vingi havina hata picha moja, na ndivyo vilivyonifundisha kupiga picha kuliko kamera yoyote. Nikisoma mwandishi akieleza namna mwanamke alivyokaa kimya mezani, nafunga kitabu kidole kikiwa katikati, najiuliza: mimi ningesimama wapi? Mwanga ungetoka upande gani? Wateja wakinikuta hivyo hudhani nimesinzia.

Kitabu cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe kwa mashine ya kudurufu na uzi wa kushonea viatu. Kilikuwa cha milango ya maduka yaliyofungwa. Cha pili kilikuwa cha watu wanaosubiri zamu yao studioni kwangu, kabla hawajaweka uso wa pasipoti. Hakuna mchapishaji aliyeviomba, na mimi sikumwomba mchapishaji. Nilivitembeza mwenyewe, kitabu kimoja kwa mtu mmoja, na baadhi ya walionunua walirudi tukazungumza hadi wateja wakachoka kusubiri. Hiki cha tatu ndicho nilichotaka kichapwe kwa mtambo, kiwe na mgongo wa kusimama kwenye rafu, kwa sababu kilikuwa cha shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba, kaka yake, alifariki nikiwa na miaka sita, mama akaolewa mbali, na Shangazi akawaambia watu wa ukoo kwamba mtoto huyu habanduki hapa. Mpaka leo tunaishi nyumba moja. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, yeye na wanawake wengine saba. Shuka za wagonjwa, mapazia, magauni ya madaktari wa upasuaji, vyote hupita mikononi mwao. Nilikuwa nikienda pale kila Jumatano na kamera yangu. Mashine zinanguruma, mvuke unapanda mpaka huioni dari, na wanawake wanarushiana utani kwa kupiga kelele. Nilipiga vidole vilivyokunjamana kwa maji, migongo iliyolowa, ukuta uliochorwa ramani na unyevu. Kitabu nilikiita Mvuke.

Picha ya katikati, inayofunguka kurasa mbili, ilikuwa ya Shangazi. Anavuta shuka kutoka kwenye mashine, uso umegeuka kidogo, na kovu lake, linaloanzia chini ya sikio mpaka karibu na pembe ya mdomo, linang'aa kwa jasho. Bomba la mvuke lilimchoma kabla mimi sijaja kuishi kwake. Nimeshika kamera miaka ishirini, sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Basi nikakata kamba ya fungu la kwanza la nakala, nikafungua katikati.

Shangazi hakuwa na kovu.

Shavu lilikuwa laini kama yai. Ngozi yake, ambayo ni nyeusi mpaka inaelekea bluu kwenye kivuli, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua kurasa nyingine. Wanawake wote wanane walikuwa weupe. Mikunjo ya vidole hakuna. Ukuta umepakwa chokaa. Mvuke wenyewe ulikuwa umepunguzwa ili watu waonekane vizuri. Kitabu kinaitwa Mvuke.

"Nani amegusa picha zangu?"

Mwenye kiwanda alikuja akifuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu. "Umeiona kazi, dada? Amezisafisha fundi wetu wa kompyuta. Wengine huja hapa wakailipia kazi hiyo. Wewe umeipata bure."

Fundi wa kompyuta alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alisimama nyuma ya skrini yake kwa adabu.

"Nilidhani kamera yako ina matatizo ya mwanga," akasema. "Watu walikuwa wametoka weusi sana."

"Watu ni weusi. Mimi ni mweusi. Wewe hapo ulipo ni mweusi tii."

"Ndiyo, lakini kwenye karatasi..."

"Na kovu? Kovu nalo ni mwanga?"

Akaishika miwani yake, hakuivaa. "Dada, nilimwonea huruma yule mama. Nimetumia siku nzima kwenye lile shavu. Siku nzima. Nilikuwa na kazi nyingine."

Nilimwamini, na hicho ndicho kilichonichemsha damu. Angekuwa mvivu ningejua pa kumshika. Huyu alikuwa amekaa siku nzima, kwa moyo wake wote, akimfuta shangazi yangu.

"Uliniuliza?"

"Hukusema hutaki."

"Hasira hasara, dada," mwenye kiwanda akaingilia.

"Hasara nimeshapata. Hasira ni ya kwangu, niachie."

"Mh. Shukrani ya punda," akamwambia fundi wake pembeni.

"Ni mateke," nikammalizia. "Na bado sijaanza kupiga."

Nikachukua nakala moja tu, nyingine nikaziacha palepale mezani, nikatoka. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara.

Nilimkuta Shangazi jikoni anachambua mchele. Nataka niseme ukweli: nilikuwa naikimbilia hasira yake. Nilijua akiona atawaka, na tukiwaka wawili nitapata nguvu ya kurudi kule. Nikakifungua kitabu juu ya meza, katikati, nikakisukuma mbele yake.

Alifuta mikono, akavaa miwani, akainama.

"Ni mimi huyu," akasema.

"Siyo wewe, Shangazi. Angalia vizuri. Wamelifuta."

"Naona."

Alipitisha kidole kwenye shavu la karatasi, kutoka sikioni mpaka mdomoni. Halafu akapitisha kidole hichohicho kwenye shavu lake.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa," akasema.

"Hapana. Huyo ni mtu katengenezwa na mzee mmoja na kompyuta yake."

"Mwanangu, wewe hukunijua kabla. Mimi ndiye niliyekuwepo." Aliendelea kuangalia. "Kumbe linaondoka. Na wewe una kompyuta kama hiyo studioni, unawatoa watu chunusi. Mbona la kwangu uliliacha?"

"Wale huniomba."

"Mimi ulinipa nafasi ya kuomba?"

"Nilikuonyesha ile picha. Ukasema nzuri."

"Ulinionyesha kwenye kioo cha kamera, kidogo kama stempu, mashine zinanguruma, sina miwani. Nilisema nzuri ili uondoke nimalizie shuka."

"Miaka mitatu umeniona na kamera, Shangazi. Hukuwa na neno."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kitabu. "Nikitoka nje ya mlango ule navaa nini?"

Alijua najua.

"Navaa kitambaa, nakishusha mpaka hapa. Sokoni, msibani, hata humu ndani akija mgeni. Mle kazini nakivua kwa sababu ya joto, na kwa sababu wale wenzangu walikuwepo siku ile, ndio walionimwagia maji. Mle ni kama chumbani kwangu. Wewe umenikuta chumbani nimejifunua, ukapiga, ukaniweka kurasa mbili."

Ningependa kusema niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Saa ile nilikasirika kuliko nilivyokasirika kule kwa mchapaji, kwa sababu kule nilikuwa na haki yote. Nilipaza sauti mbele ya mtu aliyenifunga kamba za viatu. Nikamwambia ile ni picha ya mapenzi, kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumwangalia kama nilivyomwangalia mimi siku ile.

"Sijasema hunipendi," akasema. "Nimesema hukuniuliza."

Lilikuwa neno lilelile nililomtupia fundi. Nikaingia chumbani, nikabamiza mlango, mwanamke wa miaka arobaini na moja.

Kesho yake nilikwenda na kile kitabu kwenye chumba cha kufulia. Wenzake walikuwa na haki ya kuona, na mimi, niseme tu, nilikuwa natafuta mtu wa upande wangu. Shangazi alikuwa kwenye mashine za mwisho, hakugeuka.

Nilimpata wa upande wangu. Kuna mwanamke pale kila mtu anamwita Mwanya, kwa sababu ya nafasi kati ya meno yake ya mbele, nafasi nzuri hasa, ya kupitisha uzi wa viatu. Akicheka watu husahau walichokuwa wanakisema. Ukurasa wa kumi na mbili nilikuwa nimempiga anacheka.

Aliuangalia ukurasa huo muda mrefu.

"Meno ya nani haya?"

"Yako. Wameyaziba."

"Wameziba mwanya wangu." Aliisema kwa sauti ya chini, na waliomzoea wakaanza kusogea pembeni. "Mama yangu kanizaa nao. Mume wangu kanioa nao, na binti yangu kaurithi. Hata mhasibu wa hospitali hii halijui jina langu lingine. Sasa niitweje? Ukuta?"

"Mimi hapa nimependeza, tuwe wakweli," akasema mpiga pasi, mwanamke mfupi aliyekuwa ameng'ang'ania ukurasa wake. "Ningekuwa na weupe huu ningekuwa napiga pasi saa hizi?"

"Ungekuwa unapigwa wewe pasi," Mwanya akamjibu. "Zamu inaisha saa nane. Mpiga picha, utatupeleka huko."

Tulikwenda watano, wao wamevaa sare za kazi, bado zimelowa mgongoni. Shangazi alisema ana kazi nyumbani.

Mwanya hakusalimia. Alipita mpaka kwenye meza ya fundi, akakifungua kitabu mbele ya skrini. "Nirudishie mwanya wangu."

"Mama, mimi nilidhani ni pengo..."

"Pengo ni jino lililong'oka. Mwanya ni nafasi uliyoumbwa nayo. Mtu mzima hujui tofauti?" Akainama kumtazama. "Fungua mdomo."

Sijui kwa nini, yule mzee akafungua.

"Hilo la kulia liko wapi? Mbona wewe hukujiziba?"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Mwenye kiwanda akaanza habari za mkataba, kwamba mteja hakuandika popote kuwa picha zisiguswe. Mwanya akavuta kiti, akakiweka karibu na mlango wa kuingilia, akaketi. Akaingia kijana na mchumba wake kuulizia kadi za harusi. Mwanya akawapa tabasamu lote alilonalo. "Karibuni. Ila angalieni, hapa ukileta bibi harusi unarudishiwa mwingine." Akawaonyesha ukurasa, kisha akawaonyesha meno. Wale vijana wakasema watarudi. Mteja wa pili naye alisema atarudi.

Mwenye kiwanda akanivuta pembeni. "Nitachapa upya. Lakini mara hii utatia sahihi kila ukurasa, nisije nikaambiwa nimemzulia mtu pua."

"Nitatia. Nipe wiki moja."

Wiki hiyo nilichapa picha zote studioni, kubwa, ukubwa wa trei, nikazipanga kwenye meza ndefu wanayokunjia shuka. Nikazima redio yao. Nikawaambia kila mmoja aangalie na miwani kama anavaa, aseme: ibaki au iondoke. Nilipaswa kufanya hivyo miaka mitatu nyuma, na nilivyokuwa nasimama pale, mikono nyuma, nilihisi kama mwizi anayerudisha vitu akiomba risiti. Mpiga pasi alitaka weupe wake. Nikamwambia weupe sitoi, hata tukikesha hapa. Tukabishana mpaka akachagua picha nyingine, ambayo amekaa juu ya mzigo wa mapazia kama mkubwa wa nchi. Mwanya alitaka mbili. Nikampa mbili.

Shangazi alikuja wa mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona picha yake kwa ukubwa ule, kovu na jasho na kila kitu. Hakukaa nayo muda mrefu.

"Iondoke," akasema.

"Shangazi."

"Umeniuliza. Nimejibu."

Nyumbani tuliishi siku nne za "chakula kiko mezani" na "nimekiona." Nilimpelekea picha ileile nimeikata, shavu lipo nusu. Hapana. Nikaipeleka nimeizamisha kwenye kivuli. Hapana. Nikamwambia basi niandike maelezo, watu waelewe. Akaniuliza, watu gani, na wanielewe ili iweje?

Siku ya tano nilikaa studioni mlango umefungwa, faili limekamilika, picha imo. Hakukuwa na wa kunizuia. Nilichomoa vitabu kwenye rafu nikitafuta mwandishi wa kunitetea, na wapo, tena wengi. Wamewaanika mama zao, wajomba zao, wake zao kitandani, na mimi nimewasoma nikisema huyu ana ujasiri. Nilikuwa nimepiga mistari kwa penseli chini ya mambo ya ndani kabisa ya watu wasionijua. Hakuna hata pembeni mwa ukurasa mmoja nilipoandika: na mama alisemaje?

Nikavirudisha kwa fujo, kimoja kikapasuka jalada. Nikaitoa picha. Sikuitoa kwa moyo mweupe. Niliitoa nikiwa nimeuma meno, nikimlaumu yeye, nikimlaumu yule mzee na huruma yake, maana bila huruma ile kitabu kingetoka na Shangazi asingewahi kuliona kovu lake limeondoka, wala kuniuliza kwa nini nililiacha. Mahali pake katikati niliweka shuka zimening'inia, kurasa mbili. Ni picha nzuri. Watu huisifu.

Jioni hiyo nilimwambia imetoka. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Ahsante," halafu akasema, "Ule ukurasa wa yule fundi usiutupe. Niletee."

"Ule wa uongo?"

"Niletee."

Niliukata kwa wembe, nikampa. Ameubandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Nikienda kumtolea shuka nakutana naye, yule mwanamke wa rangi ya chai, ananiangalia kwa shavu lake laini, na kila mara hasira zinanipanda. Sijazoea. Sidhani kama nitazoea.

Kitabu kilitoka upya, cheusi panapotakiwa weusi, mvuke umerudi. Tulikizindua kwenye ua wa kufulia, baada ya zamu, katikati ya kamba za kuanikia. Mwanya alizunguka na nakala yake mpaka kwa wauguzi, na kila aliyeufungua ukurasa wa kumi na mbili alilazimika kulinganisha na mwenyewe. Yule fundi wa kompyuta alikuja pia, amevaa koti. Alisimama mbali, akafungua katikati, akakuta shuka. Akaniangalia kama anayetaka kuuliza. Niligeuka nikaenda kugawa viti.

Mtu mmoja, msomaji wangu wa tangu kitabu cha milango, alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba ni kitabu kizuri sana, ila anahisi katikati kuna kitu hakipo. Nilimwambia ahsante kwa kuja.

Shangazi alikisoma nyumbani, Jumapili mchana, mezani, taratibu, maneno yote na picha zote. Nilikuwa nimekaa upande wa pili nikijifanya nasoma changu. Alipofika kwenye zile shuka alitua kidogo, akafunua, akaendelea.

"Hii ya Mwanya ni nzuri," akasema.

"Yako ilikuwa nzuri kuliko hiyo."

"Najua," akasema, akafunua ukurasa mwingine.

Nikaondoka mezani, nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka, kwa sababu ningekaa pale ningeanza upya.